Kipya Kinyemi: Maduka ya Kanda za Video na Sauti Zinazooza

Wahenga walilonga kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii haikutungwa kwa ajili ya mitambo ya kisasa, lakini ni nadra kuithibitisha kwa uwazi kama inavyothibitika katika kisa cha duka la kukodisha kanda za video. Kwa takriban miongo miwili, tangu miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, duka hili lilikuwa kitovu cha burudani katika mitaa ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na miji mingine mingi ya Kenya. Kisha likatoweka, bila tanzia wala matanga. Waliokulia mbele ya rafu zake, ambao wengi wao sasa ni wazazi, hulitaja kwa majonzi yanayowashangaza watoto wao. Mtoto aliyezoea kupata filamu kwa kubonyeza rununu hushindwa kuelewa ni kwa vipi mtu mzima atamani kutembea juani, kupanga foleni na kulipa ili aazime kitu ambacho lazima akirudishe kesho yake.

Je, wanaolililia duka hilo wanalilia nini hasa? Makala hii inashikilia kwamba majonzi yao yana msingi, ila mara nyingi huelekezwa pasipofaa. Kanda yenyewe haikuwa na uzuri wa kutamaniwa. Ilikuwa kipande cha plastiki nyeusi chenye picha zilizofifia na zilizotetemeka. Kilichopotea ni uhusiano wa watu ulioizunguka kanda hiyo na, kwa upande wa wapenzi wa Kiswahili, sauti za wasimulizi zilizorekodiwa juu yake. Hasara ya kwanza haiwezi kufidiwa. Hasara ya pili bado inaweza kuzuiwa, na ndiyo inayostahili kushughulikiwa na vyama vya Kiswahili vyuoni.

Chimbuko la Duka

Biashara hii ilizaliwa ughaibuni. Mnamo 1975 kampuni ya Sony ya Japani ilileta sokoni mtambo wa Betamax, na mwaka uliofuata, 1976, kampuni ya JVC ikaleta mshindani wake, VHS. Kanda za mwanzo za Betamax zilichukua saa moja tu, ilhali za VHS zilichukua saa mbili, muda unaotosha filamu nzima. Tofauti hiyo ni mojawapo ya sababu zilizoipa VHS ushindi. Mnamo 1977 George Atkinson alianza kukodisha filamu za kanda mjini Los Angeles, na katika muda mfupi biashara hiyo ikaenea Marekani kote. Kampuni ya Blockbuster ilifungua duka lake la kwanza mjini Dallas mnamo 1985. Kufikia 2004 ilikuwa na maduka yapatayo 9,000 duniani. Miaka sita baadaye, mnamo 2010, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na tangu 2019 limesalia duka moja tu lenye jina hilo, katika mji wa Bend, jimbo la Oregon. Netflix, iliyoanzishwa 1997 na iliyoanza kwa kukodisha DVD kwa njia ya posta, ndiyo iliyorithi wateja wake wengi.

Nchini Kenya mambo yalikuwa na sura nyingine. Duka la video lilikuwa chumba kidogo kando ya kinyozi au duka la rejareja, lenye rafu za mbao, mabango yaliyopaushwa na jua na daftari kubwa juu ya meza. Mwenyewe alikuwa mtu wa mtaani, anayejulikana kwa jina na kwa ukoo. Kushamiri kwa duka hilo hakukuwa ajali. Hadi 1990, KTN ilipoanza kurusha matangazo, Kenya ilikuwa na kituo kimoja tu cha runinga, na kituo hicho ni cha serikali. Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote hadi 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na runinga yake tangu miaka ya 1970. Katika mazingira hayo, deki ya video lilikuwa dirisha la kuitazama dunia bila kumngoja mpanga vipindi. Na kwa kuwa deki zilikuwa chache na ghali, nyumba yenye deki iligeuka ukumbi wa jirani wote. Watoto walivua viatu mlangoni, wakaketi sakafuni, na yeyote aliyechelewa alisimama dirishani.

Kilichopotea

Jambo la kwanza lililopotea ni mshauri. Mhudumu wa duka la video alikuwa mhakiki asiye na shahada. Alizitazama kanda zake nyingi, akajua ipi ina mwisho wa kuridhisha, ipi ina picha mbovu katikati, na ipi haifai kutazamwa mbele ya wakwe. Alimjua mteja pamoja na nyumba yake. Mtoto aliyetumwa kuchukua filamu ya Kihindi kwa ajili ya mamake, naye akanyoosha mkono kwenye rafu ya filamu za vita, aliulizwa swali moja tu: "Mama amekutuma hiyo?" Hapana shaka kwamba mitambo ya leo nayo hutoa mapendekezo. Hata hivyo, mtambo hukumbuka alichobonyeza mtu jana, kisha humpa kingine kinachofanana nacho. Mhudumu aliweza kumkatalia mteja, kumbishia, na kumsukuma kuelekea asichokijua. Si ajabu kwamba Quentin Tarantino, mwongozaji maarufu wa Marekani, alifanya kazi katika duka la kukodisha video huko Manhattan Beach, California, katika miaka ya 1980, kabla hajatengeneza filamu zake. Kuta zile zilikuwa darasa kwa mwenye macho.

Jambo la pili ni amana. Kukodi kanda kulikuwa mkataba. Mteja aliandikwa daftarini, mara nyingine akaacha kitambulisho chake, akapewa siku ya kurejesha, akaonywa kuhusu faini, tena akatakiwa kuirudisha kanda mwanzo kabla ya kuileta. Sharti hilo la mwisho lilikuwa dogo, lakini lilikuwa na adabu ndani yake: mtazamaji alimwandalia njia mtazamaji asiyemjua. Aidha, kwa kuwa kanda ilikuwa moja na wateja wengi, kila mtu alijifunza kungoja zamu. Filamu iliyongojewa juma zima haikuachwa katikati eti kwa sababu dakika tano za mwanzo hazikusisimua. Ilitazamwa hadi mwisho, ikajadiliwa njiani na shuleni, ikasimuliwa upya kwa wasioiona. Uchache wa vitu uliwafanya watu wawe na hadithi moja ya kuzungumzia.

Hapa ndipo wengi wanaposimama wanapolikumbuka duka la video. Wanataja mshauri, zamu na ujirani, kisha wanavuta pumzi na kurejea kwenye simu zao. Lakini kuna jambo la tatu, ambalo lina uzito wa pekee kwa wanafunzi wa fasihi.

Fanani wa Kibandani

Si kila mtu aliyekuwa na jirani mwenye deki. Kwa wengi, kanda zilitazamwa katika vibanda vya video, yaani vyumba vya mabati au mbao vyenye mabenchi, runinga moja na kiingilio cha shilingi chache. Filamu zenyewe zilikuwa za Hong Kong, za Marekani, za India. Lugha zake hazikueleweka na sehemu kubwa ya hadhira. Pengo hilo ndilo lililomzaa msimulizi. Alishika kipaza sauti, akapunguza sauti ya filamu, akaanza kuwafasiria watazamaji yanayotendeka. Baadaye usimulizi huo ulirekodiwa juu ya kanda zenyewe, kisha juu ya sahani za VCD na DVD, na kanda zilizosimuliwa zikaingia katika mzunguko wa kukodishwa na kuuzwa kama nyingine.

Dar es Salaam ilimtoa Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake ya Kiswahili ilisikika katika mabanda ya video ya Tanzania. Kenya ilimtoa DJ Afro, ambaye Kiswahili chake chenye Sheng' kimewachekesha watazamaji wa mijini na vijijini. Uganda ina wasimulizi wake wanaotumia Kiganda. Wala jambo hili si la Afrika Mashariki pekee. Nchini Japani, katika enzi za filamu zisizo na sauti, walikuwapo wasimulizi waitwao benshi, ambao baadhi yao walipendwa kuliko waigizaji waliokuwa kwenye picha. Japani inawaenzi wasimulizi hao kama sehemu ya historia ya sanaa yake. Swali ni hili: Afrika Mashariki inawaenzi wake?

Ukiichunguza kazi ya msimulizi wa video kwa macho ya fasihi simulizi, utaona sifa zote zinazofundishwa darasani. Yupo fanani, ipo hadhira, upo utendaji. Msimulizi hubadilisha sauti kulingana na mhusika; mara ni mzee, mara ni binti, mara ni jambazi. Hutumia tanakali za sauti pale ngumi zinapotua. Humpachika mhusika wa Hong Kong jina la mtaani na kumfanya agombee nauli ya matatu. Hutia methali, hutania, hutoa onyo, na pale filamu inapokuwa na ukimya mrefu, huujaza kwa maoni yake kuhusu ndoa, pesa na siasa. Hatafsiri, hutamba. Filamu ya kigeni inakuwa kwake kama fremu ya ngano: kisa kimetolewa na wengine, lakini uhai wa kisa ni wake. Mtambaji wa kale alitumia moto wa jioni na giza lililouzunguka. Huyu alitumia mwanga wa runinga na giza la kibanda. Msamiati wa watazamaji nao ulitajirika. Ndiko vijana wa Tanzania walikomwita mhusika mkuu steringi, neno lililotoka mabandani na kuingia katika mazungumzo ya kila siku.

Wapo wanaopinga. Husema kwamba Kiswahili cha wasimulizi hawa si sanifu, kimechanganywa na Sheng' na Kiingereza, na kwamba kukihifadhi ni kuhifadhi makosa. Hoja hii haina mashiko. Wataalamu hawakusubiri ngano za vijijini zisafishwe sarufi ndipo wazirekodi. Thamani ya rekodi ya fasihi simulizi imo katika kuonyesha jinsi watu walivyozungumza, si jinsi walivyopaswa kuzungumza. Mtafiti wa kesho atakayetaka kujua Kiswahili cha mitaa ya Nairobi na Dar es Salaam kilivyokuwa mwishoni mwa karne ya 20 hatakipata katika kamusi wala katika vitabu teule. Atakipata katika sauti za vibandani, ikiwa zitakuwapo.

Mgala Muue na Haki Umpe

Haifai kulipamba duka la video kuliko lilivyokuwa. Sehemu kubwa ya biashara hiyo ilisimama juu ya uharamia. Kanda zilinakiliwa kutoka kanda nyingine, nakala ya nakala, bila mtunzi kupata hata senti. Kenya ilipitisha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 huku maharamia wakiendelea kuzifurika barabara, na walioumia zaidi hawakuwa matajiri wa Hollywood bali watengenezaji wa filamu wa humu humu, waliotoa kazi Jumatatu wakaikuta Jumanne ikiuzwa kwa bei ya karanga. Vibanda navyo havikuwa pepo. Vilikuwa himaya ya wavulana. Wasichana wengi walikatazwa kukaribia, na waliothubutu walitiliwa shaka. Wapo watoto waliotoroka shule kwenda huko, na wapo walioonyeshwa picha zisizowafaa. Mzazi aliyekilaani kibanda alikuwa na sababu.

Ila Mgala muue na haki umpe. Kanda hiyo hiyo iliyobeba wizi ndiyo iliyobeba pia uzao wa sinema za Kiafrika zisizohitaji kibali cha majumba makubwa ya sinema. Nchini Nigeria, filamu ya Living in Bondage ya mwaka 1992 ilitengenezwa kwa ajili ya kanda za VHS, na mafanikio yake yanahesabiwa kuwa mwanzo wa tasnia ya Nollywood kama inavyojulikana. Tanzania nayo ilipata filamu zake za Kiswahili zilizosambaa kwa kanda na sahani. Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, alipendwa katika nyumba za Wakenya ambao hawakuwahi kumwona katika jumba lolote la sinema. Bila mtandao wa maduka na vibanda, filamu hizo zingemfikia nani?

Kuna pingamizi jingine, nalo ndilo zito. Hudaiwa kwamba hakuna kilichopotea, kwa kuwa kila kitu kimo mtandaoni. Ni kweli kwamba nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mnamo 2009 zilifungua mlango mpana, na Netflix ilipoingia Kenya Januari 2016 ilileta rafu ndefu kuliko za duka lolote la mtaani. Hata hivyo, rafu hiyo hupangwa na mwingine. Filamu huwekwa kwa mujibu wa leseni, na leseni ikiisha huondolewa pasi na mtazamaji kuulizwa. Zaidi ya hayo, filamu iliyosimuliwa na fanani wa Kiswahili haiwezi kupata leseni hiyo, kwa kuwa picha si zake. Mashabiki wanapoipandisha kwenye tovuti za video, huwa hatarini kuondolewa pindi mwenye hakimiliki anapolalamika. Kwa hiyo kazi hizi zimenaswa katikati. Sheria haizitambui, makumbusho hayazitafuti, na soko limezisahau.

Akiba Inayooza

Akiba haiozi, husema Waswahili. Kanda za video ni ubishi kwa methali hiyo, maana zinaoza. Picha na sauti zake hushikiliwa na chembechembe za sumaku zilizogandishwa kwenye utepe mwembamba. Gundi inayozishika hunyonya unyevu, ikalainika, na utepe ukaanza kunata. Ukungu nao hufanya makao yake humo. Wahifadhi hukadiria kwamba utepe huweza kudumu kati ya miaka 10 na 30, kutegemea ubora wake na mahali unapowekwa. Joto na unyevu wa Pwani ni adui wa kila siku. Kanda iliyorekodiwa mnamo 1995 imekwisha kupita muda huo.

Hata ukanda ukinusurika, deki ya kuuchezea inatoweka. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Mnamo 2019 UNESCO, pamoja na shirika la kimataifa la wahifadhi wa sauti na picha liitwalo IASA, walitoa tahadhari kuhusu kanda za sumaku, wakiutaja mwaka 2025 kuwa kikomo ambacho baada yake kazi ya kuzihamishia katika mfumo wa dijitali ingekuwa ngumu na ghali kupindukia. Mwaka huo umewadia. Fundi anayejua kutengeneza deki naye anazeeka, na vipuri havipatikani.

Wenzetu wa mbali wameonyesha kwamba jambo linawezekana. Mjini Seattle, duka la Scarecrow Video liligeuzwa kuwa shirika lisilo la kibiashara mnamo 2014, na hazina yake ya filamu zaidi ya 130,000 sasa hutunzwa kwa manufaa ya umma. Mjini New York, mkusanyiko wa duka la Kim's Video, wenye filamu zipatazo 55,000, ulisafirishwa mnamo 2009 hadi mji wa Salemi, kisiwani Sicily, ukakaa huko kwa miaka mingi bila kutumiwa ipasavyo, na mnamo 2022 ukarejeshwa New York ambako watu wanaazima tena. Kisa hiki kina funzo mbili: kwamba hazina ya duka la video ni mali inayostahili kuvukishwa bahari, na kwamba kuikabidhi kwa mgeni mwenye ahadi tamu hakutoshi.

La Kufanya

Afrika Mashariki haihitaji kufufua maduka yenyewe. Inahitaji kuokoa kilichokuwa ndani yake ambacho hakuna nchi nyingine inayoweza kukiokoa. Filamu ya Hong Kong itahifadhiwa na Hong Kong. Sauti ya Kiswahili iliyowekwa juu yake itahifadhiwa na nani?

Vyama vya Kiswahili vyuoni vina nafasi nzuri. Wanachama wake hutoka kila kaunti, na kila mmoja anarudi nyumbani likizoni. Kazi ya kwanza ni kuuliza: nani mtaani alikuwa na duka la video, kanda zake ziko wapi, zimo dari gani au gunia gani? Kazi ya pili ni kuorodhesha kila kanda iliyosimuliwa: jina la msimulizi, mahali, mwaka unaokadiriwa na jina la filamu. Kazi ya tatu ni kuhamisha sauti katika tarakilishi kabla deki ya mwisho haijakufa. Kazi ya nne ni kuwahoji wasimulizi, wahudumu na watazamaji wao wakiwa hai, wanawake waliozuiwa mlangoni wakiwamo, kwa sababu historia ya kibanda ni pia historia ya waliokatazwa kuingia. Kuhusu sheria, woga usiwe kisingizio. Sheria ya hakimiliki ya Kenya inatoa nafasi ya matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti na uhakiki. Kuhifadhi sauti kwa uchunguzi wa kitaaluma si sawa na kuuza nakala barabarani. Idara za Kiswahili nazo zinaweza kuikubali sanaa hii kuwa mada halali ya tasnifu, badala ya kumrudisha mwanafunzi kwenye mada zilizokwisha kuandikwa mara ishirini.

Usiache mbachao kwa msala upitao, walinena waliotangulia. Jamii ya Waswahili imekwisha kuuacha mbacha huu, na msala umekwisha kupita. Lakini mbacha bado uko pembeni, umeliwa na mchwa nusu, na nusu iliyobaki ina maandishi. Majonzi ya wanaolikumbuka duka la video yatakuwa na faida ikiwa yatamtuma mtu kupanda darini, kushusha gunia lenye vumbi na kuandika kwenye daftari jina la aliyekuwa akisimulia. Asipofanya hivyo katika miaka hii michache, yatabaki majonzi tu.